Safiri Ungali Kijana, Akiba ya Uzeeni Isiguswe

Kijana wa Oltepesi, kaunti ya Kajiado, anayeshika mshahara wake wa kwanza, awe mwalimu, fundi au mwendeshaji boda boda wa barabara ya Magadi, huvutwa huku na huku. Moyo unataka kwenda Arusha, Kampala au Kigali na kukaa huko miezi kadhaa. Wazee nao wanamhimiza aweke akiba, kwani nguvu hazidumu. Yote mawili yanawezekana, mradi fedha za safari na za uzeeni zisikae mfuko mmoja. Zikichanganywa, safari itazila zote, kwa kuwa safari iko karibu na uzee uko mbali.

Fanya hesabu kwanza

Tuseme unaweka shilingi 2,000 kila mwezi, nazo zinakua kwa asilimia 8 kwa mwaka, riba ikiongezwa kila mwezi. Ukianza na miaka 22 ukaacha kuweka ukiwa na 32, utakuwa umetoa shilingi 240,000. Usipozigusa, ukifika miaka 60 utakuta takriban milioni 3.4. Mwenzako aliyeanza na miaka 32, akaweka 2,000 kila mwezi hadi 60, atakuwa ametoa 672,000 na kukuta takriban milioni 2.5. Faida hupanda na kushuka, na bei za bidhaa nazo hupanda, lakini katika hesabu hii aliyetangulia yuko mbele kwa sababu riba yake imezaa riba kwa miaka mingi zaidi.

Sasa tia safari ndani ya hesabu hiyo. Ukiwa na miaka 26 utakuwa na kama 113,000. Ukisimamisha akiba mwaka mmoja ili uzunguke, uzeeni utapungukiwa na karibu laki tatu na nusu. Ukizitoa zote 113,000 zikulipie safari, utapungukiwa na karibu milioni 1.7. Kupumzika kuweka kunavumilika. Kuvunja akiba ndiko kunakoumiza.

Tenga mifuko mitatu

*Uzeeni.* Ukiwa umeajiriwa, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hukata asilimia 6 ya mshahara wako hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Hakikisha kwenye taarifa yako ya NSSF kwamba fedha zinafika kila mwezi. Ukijiajiri, kuna Haba Haba ya NSSF, unayoweza kuanza na shilingi 25 kwa siku, au mpango wa Mbao wa shilingi 20 kwa siku. Ukitaka mpango wa binafsi wa pensheni, chagua uliosajiliwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni (RBA). Tangu Desemba 2024, michango ya pensheni ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi haitozwi kodi ya mapato. Haba Haba huruhusu kutoa nusu ya akiba baada ya kuweka kwa miaka mitano. Ruhusa hiyo usiitumie kwa nauli.

*Dharura.* Weka fedha za kukurudisha nyumbani na kukulisha miezi mitatu baada ya kurudi, ukitafuta kazi. Bila mfuko huu, ugonjwa mmoja ugenini utakulazimisha kuvunja ule wa uzeeni.

*Safari.* Huu unataka mahali pa kutoa fedha kwa haraka, kama mfuko wa soko la fedha. Sacco si mahali pake: akiba yako ni dhamana ya mikopo, na ukiwa umemdhamini mwenzako huwezi kuichukua mpaka alipe au apatikane mdhamini mwingine.

Mbuzi walipie safari

Kajiado akiba nyingi hutembea kwa miguu minne. Mbuzi wachache wanaweza kulipia safari vizuri, ila panga wakati wa kuuza. Wapeleke sokoni mvua inapomalizika, wakiwa wamenona. Ukingoja hadi nyasi ziishe, kila boma litakuwa linauza na bei itaanguka. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua ng'ombe wengi katika kaunti hii, kwa hiyo mifugo isiwe pensheni yako ya pekee.

Anza na nchi za karibu

Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kwa Tanzania, panda hadi Kiserian, ukate Isinya, ushuke Namanga ukiwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kaa mahali pamoja muda mrefu: chumba cha kukodi kwa mwezi na chakula unachojipikia hugharimu kidogo kuliko kuhama kila siku mbili. Ukiwa na ufundi wa kuuza, uliza mapema kibali cha kazi kinapatikanaje.

Kabla ya kuondoka

Lipa mapema michango midogo ya uzeeni ya kipindi chote utakachokuwa nje, hata ikiwa ni ile ya shilingi 25 kwa siku: kwa mwaka ni 9,125. Andika upya jina la mrithi wako. Laini ya simu iliyounganishwa na akaunti zako isizimike. Mwache ndugu mmoja akijua akaunti ziko wapi, ila namba za siri usimpe mtu.

Murani wa Kimaasai wa zamani alizunguka miaka ya ujana wake huku kundi la boma likizaana chini ya macho ya baba na ndugu zake. Akiba yako nayo iwe na uangalizi wa namna hiyo.

Wiki hii fanya jambo moja: fungua mfuko wa uzeeni na uweke mchango wa kwanza. Tarehe ya safari ipange baada ya hapo, na mshahara wa kwanza ukirudi uanze na mfuko huo huo.