Mdogo Wangu, Hicho Kitabu cha Mapishi Unamnunulia Nani?

Hebu kirudishe kwanza rafuni, mdogo wangu, tuzungumze kidogo. Najua kinapendeza. Jalada linang'aa, biriani imepambwa zabibu na vitunguu vya kukaanga, na muuzaji ameshakwambia kimebaki hicho kimoja. Lakini kabla hujafungua pochi nataka unijibu swali moja, tena kwa ukweli: atakayekipikia hicho kitabu ni nani? Ni wewe huyu ninayekujua, unayeshuka daladala saa moja na nusu usiku umechoka, jiko lako la gesi la pleti mbili, na watoto wameshaanza kulia njaa? Au ni yule mwingine unayetamani kuwa, mwenye oveni kubwa na Jumamosi nzima ya kukanda unga?

Wengi wetu tunamnunulia yule mwingine. Si dhambi, wala usijione mjinga, maana hamu ya kuwa bora haina ubaya. Ubaya unakuja baadaye. Kitabu kinakaa juu ya friji, mwaka unapita, kurasa bado zinanukia upya, na kila ukikitazama moyo unakusuta. Mwisho unajiambia kwamba wewe na jiko hamkuandikiwa. Kumbe jiko halina neno nawe. Kilichokushinda ni kitabu kilichoandikiwa mtu mwingine, na nyumba nyingine.

Nianze na wewe usiyejua kabisa, kwa sababu ndiye unayeumia zaidi. Umetoka kwenu ukapanga chumba, au umeolewa juzi, au wewe ni kaka umehamia geto na chipsi mayai zimekuchosha. Unaona aibu kuuliza, hasa ukiwa msichana, kwa kuwa tumekuzwa tukiamini kwamba msichana anazaliwa anajua kupika. Si kweli. Kila aliyejua alifundishwa, akaunguza, akasemwa, akajaribu tena. Kuuliza si ujinga, na kitabu cha mwanzo kinakupa nafasi ya kuuliza bila wifi kukucheka.

Tena aibu hiyo hujaianza wewe. Kule Boston, Marekani, mwaka 1896, mwalimu wa upishi Fannie Farmer alitoa kitabu akasisitiza vipimo: kikombe kilichosawazishwa juu, kijiko kilichopitishwa kisu. Mchapishaji hakukiamini, ikabidi mwandishi alipie mwenyewe nakala 3,000 za kwanza. Mwaka 1931 mjane mmoja wa St. Louis, Irma Rombauer, naye akachapisha kwa fedha zake kitabu cha The Joy of Cooking, nakala 3,000 vilevile. Toleo la mwaka 1936 likaja na mtindo wa kutaja kila kitu palepale kinapotakiwa kutiwa sufuriani, ili msomaji asirukeruke na macho juu na chini huku mafuta yanaungua. Ona walivyomfikiria mtu aliye peke yake jikoni, asiye na wa kumuuliza. Kitabu cha anayeanza kinatakiwa kiandikwe kwa huruma ya namna hiyo.

Sasa utakijuaje? Ukiwa dukani fungua ukurasa wa chakula ambacho ladha yake unaijua tangu utoto. Tuseme pilau. Soma walivyoandika kuhusu vitunguu. Ukikuta wamesema kaanga dakika tano basi, kifunge. Vitunguu vya pilau kwa dakika tano vinalainika tu. Kuifikia ile rangi ya kahawia inayoipa pilau sura yake ni robo saa na kuendelea, inategemea moto na wingi wake, na hatari yote ipo mwishoni: ukigeuka kidogo tu kumjibu mtu mlangoni, vimeshaungua, na ule uchungu hautoki hata utie viungo vya Unguja nzima. Mwandishi aliyesimama jikoni kweli atakwambia usubiri mpaka kingo zianze kugeuka rangi, upunguze moto, kisha unyunyize maji kidogo visiendelee. Atakutajia rangi, harufu na sauti ya mafuta. Anayekupa dakika peke yake anazungumzia moto wake, wako haujui.

Na hapo kwenye moto ndipo vitabu vingi vinapowaangusha. Tunapenda vitabu vya mitumba, vinavyopangwa chini kando ya barabara Posta au katikati ya Nairobi, nami siwakatazi. Vipo vizuri sana humo na bei yake haiumizi. Ila angalia kimeandikwa wapi. Cha Marekani kikisema oka keki kwenye 350, hizo ni nyuzi za Fahrenheit, karibu 180 tu kwa oveni zetu za Selsiasi. Binti wa watu anazungusha kitufe mpaka mwisho, anatoa mkaa, analia, anasema hana mkono wa keki. Cha Uingereza cha zamani kitakuandikia namba ya gesi, ambapo 4 ndiyo hizohizo nyuzi 180. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani ni 473. Kikombe cha vitabu vya Marekani kinakaribia mililita 240, wakati kikombe chako cha chai huenda kikawa kidogo zaidi au kikubwa zaidi, kipime kwanza. Kwenye mchuzi tofauti hizo zinasameheka. Kwenye keki hazisameheki, kwa hiyo mwenye nia ya kuoka anunue kitabu kinachopima kwa gramu, na anunue mizani ndogo siku hiyohiyo.

Huna oveni? Nenda polepole basi na vitabu vya kuoka. Bibi zetu walioka mikate ya kumimina kwa kupalia makaa juu ya kifuniko na kuacha machache chini. Inawezekana mpaka leo. Lakini kitabu kilichoandikwa kwa oveni hakitakufundisha kupalia, hakitakwambia makaa ya juu yazidi ya chini, na utabaki unakisia. Tafuta mapishi yanayoanzia kwenye jiko ulilonalo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi ni mwinuko. Wewe uliyezaliwa Tanga au Mombasa ukahamia Nairobi, ukaona maharage hayaivi na keki inafura halafu inabonyea katikati, usidhani umerogwa wala mkono umeharibika. Nairobi ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage yanapikwa na maji yasiyo moto kama ya pwani, lazima yachukue muda mrefu. Hewa nayo ni nyepesi, hivyo keki inapanda haraka kabla haijashika, kisha inaanguka. Punguza beking pauda kidogo, ongeza muda kwenye maharage. Wa Mbeya na Njombe nanyi mmo humo. Kitabu kinachotaja jambo hili hata kwa mistari miwili, mwandishi wake anakujali. Kwa hiyo wewe wa nyanda za juu, likitajwa, lipia.

Nikugeukie wewe unayejua tayari. Unapika kwa jicho, chumvi unaionja kwa harufu, na bado unanunua kitabu cha mapishi 300 ambayo nusu yake unayajua kuliko mwandishi. Kwa nini? Hicho hakikupi kitu. Wewe unahitaji kitabu kitakachokueleza sababu: kwa nini limau likitiwa mwishoni linainua mchuzi, kwa nini nyama iliyotiwa chumvi mapema inakolea mpaka ndani. Samin Nosrat aliandika kimoja cha namna hiyo mwaka 2017, Salt, Fat, Acid, Heat, na amekijenga juu ya mambo manne, yaani chumvi, mafuta, uchachu na moto. Badala ya picha za kamera kina michoro ya mkono, kwa hiyo hutajilinganisha na sahani ya mtu aliyepigiwa taa. Ukikisoma hicho hutaacha mapishi ya kwenu, utayaelewa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mliopo ughaibuni, nyie nawaonea huruma yangu yote. Jioni ya baridi, theluji dirishani, na hamu ya samaki wa kupaka imekukaba koo. Kuna mwandishi mmoja mkubwa wa mapishi ya Kihindi, Madhur Jaffrey, ambaye alifika London kusomea uigizaji miaka ya 1950 akiwa hajui kupika. Alijifunza kwa barua: mama yake alimwandikia mapishi kutoka Delhi, naye akajaribu jikoni kwa watu, mpaka mwaka 1973 akatoa kitabu chake cha kwanza. Wewe una bahati ya ujumbe wa sauti kwenye simu. Mtumie mama, hata kama ni usiku, atafurahi kuulizwa. Na ukitaka kitabu cha kukaa nacho, kipo In Bibi's Kitchen cha Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu, alichokitoa mwaka 2020 pamoja na Julia Turshen. Humo wamo akina bibi wa nchi nane zinazopakana na Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwemo, wakizungumza maisha yao na wakipika. Ila kitabu chochote utakachochukua, angalia kinavyosema kuhusu nazi. Kikikwambia umimine kopo zima la tui mwanzoni na uache lichemke kwa nguvu, ujue tui litakukatika. Tui jepesi hutangulia kuivisha, zito huingia mwishoni kwa moto mdogo huku unakoroga. Ukilijua hilo utakisahihisha hata kitabu kibaya.

Hapa sasa nakuwa mkali kidogo, mnivumilie. Wapo mnaopikia mgonjwa nyumbani, baba ana kisukari, mama ana presha, na mnababaika na kila kitabu kinachoahidi kuponya kwa supu na mbegu. Mwogopeni mwandishi anayeahidi kuponya. Woga wenu ndio anaoufanyia biashara, na mgonjwa akiacha dawa kwa sababu ya kitabu, majuto yatabaki kwenu. Muulizeni kwanza daktari au mtaalamu wa lishe mgonjwa ale nini na kiasi gani. Kisha tafuteni kitabu kinachoonyesha kilichomo kwenye chakula. Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walitoa kimoja mwaka 2018, Kenya Food Recipes, chenye vyakula vya kwetu vya kila siku na virutubishi vyake, na kinapatikana bure kwenye tovuti ya FAO. Hakina jalada la kukuvuta macho. Kina namba mtakazokaa nazo na daktari mkapanga chakula.

Na wewe unayesoma vitabu vya mapishi kitandani wala hupiki, nimekuona, usijifiche. Mwandishi Elizabeth David alitoa kitabu chake cha vyakula vya Mediterania mwaka 1950, wakati Waingereza bado wanakula kwa mgao ulioendelea mpaka 1954, na wengi walikisoma wakiwa hawapati kwa urahisi hata mafuta ya zeituni. Walikisoma kwa tamaa na kwa faraja. Soma kwa raha yako. Usijitese tu kwamba lazima upike vyote.

La mwisho ni zawadi, kwa sababu msimu wa harusi ukifika ndipo mnaponiletea kesi. Unampelekea wifi yako kitabu cha mapishi kwenye kicheni pati, mbele ya mashangazi zake, umekifunga kwa utepe. Wewe nia yako njema. Yeye anasikia: kaka yetu atakufa njaa. Hasemi kitu, anatabasamu, anakishukuru, na chuki inaanzia hapo. Nimeshaona ndugu wananuniana kwa jambo dogo kuliko hilo. Mama mkwe ndiyo usithubutu kabisa, labda yeye mwenyewe akiwa amekitamka kwa jina. Wifi ukimpenda mpe faragha, siku nyingine, na uchague kitu anachokipenda tayari: anapenda kuoka, mpe cha kuoka, baada ya kuhakikisha oveni anayo. Au mpe kitabu pamoja na mzigo wa viungo, na umwambie Jumapili utakuja mpike wote.

Ipo pia zawadi isiyouzwa dukani, nayo ni ya kwako. Jungu kuu halikosi ukoko, na mama bado yupo. Ukienda kumsalimia mwezi huu chukua daftari na kikombe cha kupimia. Kila anapochota unga kwa kiganja, mwambie aumimine kwanza kwenye kikombe chako, uandike, ndipo atie sufuriani. Mwulize moto ulikuwaje, na alijuaje kwamba imeiva. Atalalamika kwamba unamchelewesha na chakula kinapoa. Mwache alalamike, wewe andika.