SOMO LA WIKI: Mwanasheria wa kampuni katika soko la urembo

Krimu ya uso iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam huweza kununuliwa kwa jumla Kariakoo, ikapakiwa hadi Songea na kuishia kwenye rafu ya duka la Mpitimbi, kando ya chumvi na sabuni. Mijini, kliniki za ngozi nazo huuza sindano za kuondoa mikunjo ya uso. Katika mlolongo huo yumo mtu ambaye mnunuzi hamwoni: mwanasheria mwandamizi aliyeajiriwa na kampuni inayoagiza mali. Wakili wa nje huitwa kesi ikishafika. Huyu wa ndani hulipwa mshahara ili kesi isifike.

Kutambua bidhaa

Kazi yake ya kwanza ni kujua mali iko chini ya mamlaka gani. Sheria Na. 1 ya mwaka 2003 iliweka chakula, dawa na vipodozi chini ya TFDA. Mwaka 2019 mambo yalibadilika: vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS), na TFDA ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo losheni ya kawaida ni ya TBS, lakini sindano ya Botox ni dawa, na mambo yake yako TMDA. Anayeidunga naye lazima awe mtaalamu wa tiba aliyesajiliwa. Kampuni ikikosea hapa, shehena nzima huweza kuzuiwa, na mtaji ukalala bandarini huku riba ya benki ikipanda.

Kusoma viambato

Zebaki, haidrokwinoni na steroidi haziruhusiwi katika vipodozi nchini. Zebaki huharibu figo. Steroidi zikitumiwa ovyo huchubua ngozi na kuifanya nyembamba. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, nao unalenga kuondoa vipodozi vya zebaki sokoni. Krimu hizi zina wanunuzi, na hapo ndipo meneja mauzo na mwanasheria hugongana. Mmoja anatazama mauzo ya mwezi, mwingine anatazama dhima ya miaka. Mwanasheria asiye na njia ya kumfikia mkurugenzi mkuu na bodi hushindwa katika mvutano huo.

Cheti peke yake hakitoshi

Mfano mkubwa unatoka Ufaransa. Kampuni ya PIP ilitengeneza vipandikizi vya matiti kwa silikoni ya kiwandani, isiyoruhusiwa kwa tiba. Mwaka 2010 bidhaa hiyo iliondolewa sokoni, na mwaka 2013 mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Vipandikizi hivyo vilikuwa na cheti cha ubora, nacho hakikuwaokoa wanawake waliowekewa. Ndiyo maana mwanasheria makini huandika katika mkataba wa ununuzi haki ya kupima sampuli, namba ya toleo kwa kila katoni, na wajibu wa muuzaji kulipa fidia mali ikibainika kuwa mbovu.

Matangazo na picha

Picha za mteja kabla na baada ya huduma huvuta biashara. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa ulinzi wa pekee taarifa za afya ya mtu. Kliniki inayobandika uso wa mteja bila ridhaa yake ya maandishi inajitafutia kesi.

Funzo kwa Mpitimbi

Mali ikigundulika kuwa na sumu, kampuni lazima iirudishe kutoka kila duka ilikofika. Hapo daftari la msambazaji ndilo linalopima kazi ya mwanasheria. Namba za toleo zikiwa zimeandikwa hadi Songea tu, kopo lililoko Mpitimbi litaendelea kuuzwa, na mama anayelipaka usoni hatajua.

Mwenye duka hana uwezo wa kuajiri mwanasheria. Anachoweza ni kudai stakabadhi yenye jina la msambazaji, kukataa kopo lisiloonyesha viambato wala mtengenezaji, na kutokubali krimu iliyopimwa na kufungwa upya kwenye vikopo. Stakabadhi hiyo ndiyo itakayomwezesha kurudisha mali na kudai fedha zake. Bila hiyo, hasara yote ni yake, na lawama ya mteja pia.