Makovu ya Ndani Baada ya Upasuaji wa Tumbo

Kovu la nje kila mtu huliona. La ndani halionekani, na mwenye nalo anaweza kukaa miaka mingi bila kujua analo.

Tuseme ni mkaazi wa Kawangware aliyepasuliwa apendiksi miaka 6 iliyopita. Alipona, akarudi kazini, akasahau. Jumapili moja jioni tumbo linaanza kumkata kwa vipindi: linamkaza, linamwachilia kidogo, kisha linamkaza tena. Anatapika. Tumbo linafura. Choo hakuna, na hata hewa haitoki. Jirani anamletea mafuta ya mbarika, mwingine anamshauri anywe maji moto yenye chumvi ili asafishe tumbo. Akikaa hivyo hadi Jumanne, huenda sehemu ya utumbo wake ikawa imekosa damu na kuanza kufa.

Mtu huyu ni wa mfano tu, lakini ugonjwa wenyewe ni wa kawaida katika wodi za upasuaji. Kilichomfunga ni kovu la ndani, ambalo madaktari huliita adhesheni.

Kinachotokea ndani ya tumbo

Viungo vya tumboni vimefunikwa kwa utando mwembamba, laini na wenye unyevu. Kwa sababu ya utando huo matumbo huteleza moja juu ya lingine bila kukwama. Ukikwaruzwa, ukikauka, ukichomwa, au ukifikiwa na damu na usaha, mwili hutoa umajimaji wenye protini inayonata iitwayo fibrini. Hiyo ndiyo gundi ya mwili. Kwa kawaida mwili wenyewe huiyeyusha ndani ya siku chache, na utando hupona kwa muda wa wiki moja hivi. Jeraha likiwa kubwa, au damu isipofika vizuri, au kukiwa na maambukizi, gundi hiyo haiyeyuki yote. Seli za kutengeneza kovu huingia ndani yake na kuigeuza kuwa kamba. Kamba hiyo yaweza kushika utumbo na ukuta wa tumbo, utumbo na utumbo mwenzake, au kibofu na mfuko wa uzazi.

Watu wengi waliopasuliwa tumbo wana makovu haya kwa kiasi fulani, na wengi wao hayawasumbui kamwe. Hata hivyo si jambo la kupuuzwa. Watafiti wa Uskoti waliwafuatilia kwa miaka 10 wagonjwa waliopasuliwa tumbo au nyonga mwaka wa 1986. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 1999, yalionyesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 3 alirudi kulazwa kwa shida iliyohusiana na makovu hayo, au iliyoweza kuhusiana nayo, au kwa upasuaji mwingine ambao makovu yangeweza kuutatiza. Nao hawakurudi wote mwaka wa kwanza. Waliendelea kurudi mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana upasuaji wa miaka 6 iliyopita bado ni habari ambayo daktari anahitaji kuisikia.

Kinga huanza kabla ya kisu

Kwa kuwa gundi hiyo hugeuka kovu katika siku za mwanzo, nafasi kubwa ya kuzuia iko kabla ya upasuaji na wakati wa upasuaji wenyewe. Mengi ya baadaye yanayouzwa kama kinga huja wakati kamba imekwisha kujifunga.

Jambo la kwanza liko mikononi mwa mgonjwa: kufika mapema. Apendiksi iliyovimba lakini haijapasuka huondolewa bila kuacha uchafu mwingi. Ikipasuka, usaha husambaa tumboni na utando huumia kila mahali. Ni hivyo hivyo kwa utumbo uliotobolewa na taifodi. Anayeumwa tumbo upande wa kulia chini, akiwa na homa na hamu ya chakula imempotea, asimalize wiki nzima akinunua vidonge vya maumivu kwa kemisti. Vidonge hivyo hupunguza maumivu huku apendiksi ikiendelea kuoza.

Kwa akina mama kuna mambo mawili zaidi. Maambukizi ya nyonga yasiyotibiwa huacha makovu kwenye mirija ya uzazi hata bila mtu kupasuliwa, na mirija ikiziba mimba inakuwa shida kupatikana. Pia kila kujifungua kwa upasuaji huongeza uwezekano wa makovu, na upasuaji wa tatu au wa nne huwa mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu kibofu kimeshikana na mfuko wa uzazi. Upasuaji unapohitajika ili kuokoa mama au mtoto, ukubaliwe bila kusitasita. Usipohitajika, si njia ya mkato. Kuondoa uvimbe wa faibroidi nako huacha makovu kwa urahisi, kwa hivyo mwenye mpango wa kupata mtoto amweleze daktari mapema.

(Kifua kikuu cha tumbo nacho hugandisha matumbo. Kikohozi cha wiki mbili, au homa na jasho la usiku pamoja na tumbo kujaa, ni sababu ya kwenda kupimwa. Dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.)

Jambo la pili liko mikononi mwa daktari. Mpasuaji mwangalifu hushika utumbo kwa upole, huulinda usikauke, husimamisha damu vizuri, huosha usaha na haachi nyuzi nyingi bila sababu. Glavu zenye unga zimejulikana kwa muda mrefu kuwa zinachangia makovu. Marekani ilizipiga marufuku kuanzia Januari 2017. Upasuaji wa matundu madogo kwa kutumia kamera, yaani laparoskopi, kwa jumla huacha makovu machache kuliko tumbo kupasuliwa wazi, ingawa haufai kila ugonjwa na haupatikani kila hospitali. Kuna pia vitambaa maalum vinavyoyeyuka ambavyo huwekwa kati ya viungo ili visigusane katika siku za mwanzo. Vinasaidia, lakini ni ghali na haviwekwi kwa kila mgonjwa.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza: “Daktari, upasuaji wangu unaweza kufanywa kwa matundu madogo?” Kuuliza hivyo si ubishi, na jibu linaweza kuwa hapana kwa sababu nzuri.

Baada ya kushonwa

Wauguzi watakuhimiza uketi na utembee mapema, mara nyingi ndani ya siku moja, hata kama kidonda kinauma. Watii. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni, hulinda mapafu na husaidia matumbo kuamka. Tusidanganyane lakini: haijathibitishwa kwamba kutembea huzuia makovu ya ndani.

Kufunga tumbo kwa leso kunaweza kumpa mtu nafuu anapokohoa, mradi leso isikazwe. Makovu ya ndani hakuyazuii. Kukandwa tumbo katika wiki za kwanza kwaweza kufungua mshono, na hakuna dawa ya kunywa, ya kizungu wala ya mitishamba, iliyothibitishwa kuyeyusha makovu haya. Anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakuuzia ahadi tu.

Dalili zisizongojewa nyumbani

Kwa aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata miaka 20 iliyopita, maumivu ya kukaza kwa vipindi, kutapika, tumbo kufura, na kukosa choo na hewa ni dharura. Maumivu yakiacha kuja kwa vipindi na kuwa ya mfululizo, au kukiwa na homa na tumbo limekuwa gumu, hatari imezidi.

Usile wala usinywe. Usitumie mafuta ya mbarika, dawa ya kuendesha wala enema, kwa maana utumbo uliofungwa ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupasuka. Vituo vya afya vya mtaani, kama vya Kangemi, Riruta na Waithaka, vinaweza kukuangalia na kukuandikia rufaa, lakini hali ikiwa mbaya ni afadhali kwenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama Mbagathi au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana bila malipo kwa nambari 1199. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo kukosa pesa mfukoni kusikuzuie kutoka nyumbani.

Ukifika, huenda ukawekewa dripu na mpira wa kupitia puani hadi tumboni, upigwe eksirei, kisha uambiwe usubiri. Jamaa wengi hukasirika hapa, wakiona mgonjwa wao hashughulikiwi. Kusubiri huko ni tiba. Utumbo uliopumzishwa mara nyingi hufunguka wenyewe ndani ya siku 2 au 3, na kupasuliwa tena kunaweza kuzaa makovu mapya. Wakati huo madaktari hurudi mara kwa mara kukagua tumbo, na wakiona dalili kwamba damu haifiki kwenye utumbo, au siku hizo zikipita bila nafuu, hupasua.

Swali la kwanza watakalokuuliza ni ulipasuliwa nini, lini na wapi. Karatasi unayopewa unaporuhusiwa kutoka hospitalini ndiyo yenye majibu. Iweke pamoja na kitambulisho chako, uipige picha kwa simu, na umtumie picha hiyo mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu siku ya maumivu wewe mwenyewe huenda usiweze kuitafuta.