Chungu chenye pingili za muwa
Muhoroni, magharibi mwa Kenya, hutafuti umbo la chungu mbali. Miwa imefika hadi ukingoni mwa barabara. Chagua mmoja uliokomaa, uvue majani, uutazame kabla hujashika simu. Pingili hazilingani: zilizokua wakati wa ukame ni fupi. Macho ya muwa, yanapochipukia, nayo hupishana, moja huku, linalofuata upande wa pili. Chini ya fundo kuna utepe mweupe wa nta. Wengi huharibia hapa: kwenye kompyuta wanachora pingili moja, wanainakili mara sita, wanapata bomba la maji.

Simamisha muwa mbele ya shuka jeupe, rula ubavuni mwake. Rudi nyuma ndipo uvute picha, kwani ukipiga kwa karibu mno kingo hupinda. Ingiza picha kwenye Blender, programu ya bure, ufuatishe ukingo mmoja tu. Programu itauzungusha upate chungu kizima. Pingili fupi iache fupi. Macho usiyachore, utayabandika kwa mkono.

Sasa udongo. Ule mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, hupasuka ukikauka, kwa hiyo uchanganye na mchanga au vigae vilivyopondwa na kuchekechwa. Finyanga kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10, kausha, choma, pima tena. Ukipata 9, gawa kila kipimo kwa 0.9: chungu cha sentimita 20 kinafinyangwa kikiwa na 22.2. Ukiongeza asilimia 10 tu utapata 22, nacho kitatoka kifupi. Chapisha mchoro wa ukingo, ukiwa na vipimo hivyo, kwa asilimia 100 na uhakikishe kwa rula, maana printa hupenda kupunguza picha ili ienee kwenye karatasi.

Bandika karatasi kwenye plastiki ya jerikeni kuukuu, kata kwenye mstari, ubaki na upande wa nje. Hicho ndicho kiolezo. Jenga chungu kwa kamba za udongo kama wafinyanzi wa Kijaluo, ukikizungusha huku kiolezo kikigusa ubavu. Mashine za kuchapa udongo zipo, lakini kwa kuanzia sioni haja.

Kabla hakijakauka kabisa, king'arishe kwa kokoto laini, ila sehemu ya utepe wa nta iache bila kung'aa. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hung'arisha vyungu vyake hivyo, akavichoma vikawa vyekundu. Anavyotaka viwe vyeusi huvichoma tena kwa kuvinyima hewa. Wewe, kwa mchomo huo wa pili, tumia pipa lenye mfuniko na makapi makavu ya miwa. Usilifunue kabla halijapoa: hewa ikiingia mapema, weusi huungua na wekundu ukarudi.