Kuficha na Kughushi katika Karata

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa karata kwa kamari ni haramu, hata wachezaji wakiwa waaminifu. Na pasipo kamari, wanazuoni wetu wa Kishafii wamepambanua: mchezo ulio juu ya hesabu na fikira, kama sataranji, ni makuruhu, ulio juu ya bahati, kama dado, ni haramu. Karata hupimwa kwa mizani hiyo. Lakini somo letu leo ni hili: kuficha kupi ni hadaa?

Mchezaji huficha karata zake mkononi, na hilo si hadaa, kwani wote wameliridhia tangu mwanzo. Huyu hajui kama mwenziwe ana ree ya kopa, na yule hajui ya huyu. Wako sawasawa katika kutojua. Hadaa ni kuuvunja usawa huo kwa siri: kuitia ree alama ya ukucha, kumkonyeza mshirika, au kukana kuwa na shupaza hali unayo, na sharti ni kuifuata.

Hili la mwisho ni zito zaidi, kwa kuwa mwenzio hana shahidi ila neno lako. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta umajimaji, akamlaumu muuzaji kwa kuuficha chini ya kikavu.

Basi apimaye pishi dukani asijizoeze uwongo barazani, akisema ni mchezo tu. Ulimi ni mmoja. Wallahu aalam.