Somo kwa Wazazi: Kisafina cha Mtoto Anayeingia Universite

Masomo: Kutoka 2:1-10, Matendo 7:22



Mama ya Musa alikuwa mtu wa imani. Lakini hakumtupa mtoto mtoni akisema, "Mungu ataona." Alitengeneza kisafina, akakipaka lami maji yasiingie, na dada ya mtoto akasimama akichunga. Ndipo binti wa Farao akaja. Na kadiri ya Stefano, mtoto yule alifundishwa hekima yote ya Wamisri.

Watoto wetu wakimaliza humanite, nao wanafika mtoni. Tunafunga na kuomba kwa ajili ya egzameni ya serikali, na ni vema. Lakini siku ya kuandikishwa, hakuna atakayeuliza tulifunga siku ngapi. Wataomba makaratasi. Basi, tupake lami.

1. Makaratasi. Diploma ya serikali, mabuletini ya miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, picha. Tazameni kama majina yote ya mtoto yameandikwa sawasawa kila mahali. Mimi ninayeandika, mwanangu alipoteza mwaka mzima kwa sababu ya herufi moja niliyoiona na kuinyamazia. Rekebisheni mtoto akiwa bado shuleni. Tena, sisi tunajua: lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 iliunguza nyumba pamoja na vyote vya ndani, vita vya mwaka 2008 na vya Januari 2025 vilikimbiza watu mikono mitupu. Fanyeni fotokopi, mziweke kwa ndugu mwaminifu anayekaa mbali.

2. Kuchagua. Kupata diploma kunaomba angalau 50%, lakini fakulte inaweza kutazama pia opsio na maksi. Mwende kuuliza mapema. Goma kuna UNIGOM ya serikali, ULPGL iliyoanza mwaka 1985, ISTM kwa kazi za afya, ISP kwa walimu. Na mtu akisema ameona katika maono kwamba mtoto wako atakuwa daktari, kumbuka 1 Wathesalonike 5:21: tupime yote. Mwulize mtoto mwenyewe. Fungua buletini yake. Roho wa Mungu haogopi buletini.

3. Feza. Kadiri ya Luka 14:28, ajengaye mnara huhesabu kwanza. Minervali si yote: kuna kuandikishwa, vitabu, chakula, na usafiri wa kila siku kutoka Kibati. Shamba linauzwa mara moja, lakini masomo yanaomba feza kila mwaka. Hesabuni mpaka mwisho. Lipeni penye risiti, wala msimpe feza mtu anayesema, "Ninajulikana ndani."

4. Binti. Feza ikiwa kidogo, tusimwambie binti abaki jikoni kwa kuwa kaka yake anasoma. Musa alirudishwa kwa mama yake kwa sababu msichana alijua kusema mbele ya wakubwa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
a) Makaratasi ya mtoto wetu yako wapi usiku huu?
b) Yeye mwenyewe anataka kusoma nini? Tumemwuliza lini?
c) Nani atasimama kandokando ya mto akimchunga?

Tuombe tukipiga magoti, kisha tusimame tupake lami. Bwana awabariki. Amina.