Wanafunzi wanakuja, wanaandika, wanapotea

SWALI: Nina mashine ndogo ya kukamua mawese hapa Opala. Wanafunzi wa chuo kikuu huja kutuuliza maswali, kisha hatuwaoni tena. Nifanyeje ushirikiano huu unifae na mimi?

JIBU: Ndugu yangu, anza na swali lako mwenyewe, si na barua ya kuomba ushirikiano. Chukua mfano wa swali lililojibiwa vizuri: mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa kituo cha kilimo cha Yangambi hapo jirani, walieleza jinsi unene wa ganda la kokwa la mchikichi unavyorithiwa. Mchikichi wa ganda nene ukichavushwa na usio na ganda huzaa tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanaishi kwa jibu hilo.

Swali lako laweza kuwa hili: je, michikichi yangu ni tenera kweli? Tenera zikichavushana zenyewe, takribani robo ya uzao hurudi ganda nene, na robo nyingine, isiyo na ganda, mara nyingi haizai vizuri. Mwanafunzi wa kilimo anaweza kupasua kokwa na kuhesabu.

Andikeni mapema nani atalipa nauli ya mtumbwi, na kwamba matokeo utasomewa wewe kwanza, kwa Kiswahili au Kilingala. Profesa akikataa sharti hilo la pili, tafuta mwingine.